UZI: Kukagua nakala ya upanga wa nuru ya daraja la juu kabla hujatoa hela

#1 — Mkerezaji

Wakuu, swali la "upanga huu una thamani ya hela wanayotaka?" linaibuka kila baada ya siku chache, na majibu ni yale yale: "mkali huo" au "umepigwa". Hayamsaidii mtu. Tuweke vipimo hapa, mtu akija na picha tunamwelekeza kwenye uzi huu.

Nazungumzia nakala za panga za nuru za Star Wars zenye mpini wa chuma, ziwe za kukaa kabatini au zenye taa na sauti.

Kauli yangu ya msingi ni hii: unanunua vitu viwili vilivyofungwa pamoja. Mpini ni chuma, ukitunzwa utakuzika. Umeme wa ndani (betri, bodi inayoendesha taa na sauti, spika, ukanda wa taa) ni kitu cha kuliwa kama tairi la gari. Kagua kila kimoja kivyake na ukipe bei yake. Mpini uliokerezwa vizuri (uliochongwa ukizungushwa kwenye mashine) wenye bodi iliyokufa bado unanunulika. Mpini mbovu wenye bodi ya kisasa ni bodi ya kisasa tu, na bodi huuzwa peke yake.

Tuanze na chuma, kabla ya kubonyeza swichi yoyote.

Mzani. Uzito peke yake unadanganya, kwa sababu wapo wanaojaza risasi ndani ili mkono uridhike. Kinachosema kweli ni uzito ukilinganishwa na ujazo. Chukua kipande kinachofunguka kisicho na waya, mfano kitako au pete ya mdomo, ukipime kikavu. Kisha weka kikombe cha maji juu ya mzani, urudishe kwenye sifuri, uning'inize kipande kwa uzi mwembamba kizame chote bila kugusa chini wala ukingo. Gramu zinazosomeka sasa ndizo ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Gawanya. Kikiwa na gramu 54 kikavu na mzani ukasoma 20 kikiwa majini, jibu ni 2.7, yaani alumini. Ukipata karibu na 8.5 ni brasi. Kati ya 7.8 na 8 ni chuma cha kawaida au chuma cha pua, na sumaku itatenganisha, ingawa chuma cha pua aina ya 304 huvutwa kidogo pale kilipokunjwa. Ukipata 6.6 au 6.7, hiyo ni aloi ya zinki iliyosubiwa kwenye kalibu, na kama tangazo limesema "alumini iliyokerezwa", mazungumzo yameishia hapo.

Alama za kerezo. Kipande kilichokerezwa kina mistari midogo sana inayozunguka, utaiona ukiinamisha chini ya taa moja ya upande. Kilichosubiwa kina mstari wa mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana, vitundu kama vya sindano, na kona za ndani zilizojaa jaa. Wengi hung'arisha nje wakasahau ndani, kwa hiyo tazama ndani ya mdomo na nyuma ya kitako.

Hesi, yaani mifereji ya kufungia kama ya skrubu. Fungua kila kinachofunguka. Hesi nzuri inaingia kwa vidole viwili, inazunguka mizunguko minne au zaidi, na inafika mwisho kwa kusimama, si kwa kukaza polepole. Hesi ya alumini juu ya alumini ikikwaruza, simama hapo hapo. Ngozi nyembamba ya oksidi ikivunjika, chuma kitupu kinashikana na chuma kitupu kama kimelehemiwa, na ukilazimisha unang'oa hesi yote. Rudisha nyuma, safisha kwa brashi kavu ya nailoni, paka grisi kidogo sana, ndipo ujaribu tena.

Unyoofu. Lalaza mpini juu ya kioo, uviringishe taratibu, weka taa nyuma yake. Mwanga unaopita chini yake usiwe unapanuka na kusinyaa. Mwanga ukifanya hivyo, ama bomba limepinda ama vipande havikukerezwa kwa mhimili mmoja.

#2 — Mgeni_wa_Nuru

Asante mkuu. Rangi nyeusi na ya dhahabu kwenye mipini mingi wanasema ni anodaizi. Mtu atajuaje kama si rangi ya kupuliza?

#3 — Mkerezaji

Chukua multimita (kipima umeme), uiweke kwenye mlio. Anodaizi ni oksidi iliyooteshwa kutoka kwenye alumini yenyewe, haipitishi umeme. Gusa nguzo mbili juu ya sehemu ya rangi: ikilia, hakuna anodaizi hapo.

#4 — Skrubu_M4

Mkuu umeishia njiani. Rangi ya kupuliza nayo haipitishi umeme, kwa hiyo ukimya wa multimita hautenganishi hivyo viwili. Kinachotenganisha ni haya: anodaizi ya kawaida ina unene wa maikroni 5 hadi 25, haijazi kitu, na mistari ya kerezo inaonekana chini yake na kona zinabaki kali. Rangi inajaza mistari na kuviringisha kona. Pamba ya masikio yenye asetoni, mahali palipojificha chini ya kitako: rangi ya kawaida itaacha doa kwenye pamba, anodaizi haitaacha kitu. Rangi ya unga iliyookwa huweza kuvumilia asetoni kwa muda, lakini hiyo ni nene mno, ukucha unaihisi pembeni mwa tundu la skrubu.

Na kabla mtu hajamwagia asetoni kila mahali: inayeyusha plastiki za akriliki na polikaboneti. Iweke mbali na bapa (bomba refu linalotoka kwenye mpini), kitufe na dirisha.

#5 — Mkerezaji

Sawa kabisa, pokea hiyo.

#6 — Graflex_Halisi

Niongeze upande wa usahihi, maana kwa wakusanyaji ndipo bei inapopanda.

Mipini ya filamu ya kwanza ya Star Wars, ya 1977, haikuchongwa kutoka mwanzo. Iliungwa kwa vitu vilivyokuwepo. Wa mhusika Luke ni mpini wa flashi ya kamera ya Graflex ya betri tatu kubwa, uliotengenezwa Rochester, New York. Wa Vader umetokana na flashi ya Kiingereza ya MPP. Wa Obi-Wan ni mchanganyiko: bomba la injini ya ndege ya Rolls-Royce Derwent, guruneti la bunduki la Kiingereza No. 3 la vita vya kwanza, klampu ya Graflex, kipande cha mdomo wa bunduki ya Browning ANM2 na kishikio cha bomba la maji cha Armitage Shanks. Kwa hiyo "nakala" ina daraja tatu tofauti kabisa: vipande halisi vya zamani, nakala ya vipimo vya vipande hivyo, na nakala ya picha. Muuzaji akisema "sahihi" muulize sahihi kwa kipi.

Kwa Graflex, angalia haya:

Bomba ni vipande viwili, cha juu na cha chini, na klampu ndiyo inayovishika. Kipenyo ni kama milimita 38. Ukiona bomba moja refu lenye mstari wa kuchorwa mahali pa maungio, hiyo ni nakala ya picha.

Klampu ikifungwa, mkono wake ushuke kwa ukinzani unaoongezeka kisha ujilaze wenyewe. Ukishuka bila kazi, klampu imechoka au haikuwa na nguvu tangu mwanzo, na vipande viwili vitazungukana ukivishika. Jaribu kuvizungusha kwa mikono ikiwa imefungwa, visitoe hata digrii moja.

Za zamani ni brasi iliyochovywa, yaani imevishwa ngozi nyembamba ya chuma kingine. Palipochakaa, rangi ya njano inachungulia. Uchakavu wa kweli upo pale mkono na meza vinapogusa: kingo za kitako, mgongo wa klampu, mzingo wa mdomo. Ndani ya mifereji hapachakai. Nakala "iliyochakazwa" kivivu ina mikwaruzo sawasawa kila mahali, hadi ndani ya herufi za kitako. Aliyechakaza hivyo alitumia msasa na haraka.

Tazama pia rangi ya uchovyaji wenyewe. Kromiamu ina ubluu kidogo, nikeli ina uvuguvugu wa unjano. Weka kijiko cha chuma cha pua pembeni upige picha, utofauti unaonekana. Kipande kimoja chenye ubluu na kingine chenye unjano kwenye mpini mmoja maana yake vimekutanishwa.

Kwenye mpini wa Luke wa 1977, ndani ya klampu umo utepe wa vibonge vya lenzi uliotoka kwenye kikokotoo cha Texas Instruments Exactra. Nakala ya bei ya juu yenye utepe wa plastiki bapa bila lenzi imekosa kitu ambacho mkusanyaji anakitafuta kwanza.

#7 — Skrubu_M4

Hapo kwenye "usahihi" mimi huwa nasita. Filamu moja ilitumia mipini kadhaa, mingine ya kuonekana kwa karibu, mingine ya kupigania, na haifanani. Na bapa la 1977 halikuwa la kuwaka: lilikuwa fimbo iliyofunikwa kwa Scotchlite, kitambaa cha 3M kinachorudisha mwanga ulikotoka, ikizungushwa kwa mota, na mwanga wa rangi ukaongezwa baadaye juu ya picha. Kwa hiyo mtu anayedai upanga wenye bapa la taa ni "sahihi kama filamu" anauza maneno.

#8 — Graflex_Halisi

Tunakubaliana. Ndiyo maana swali zuri ni "sahihi kwa mpini upi, wa filamu ipi, na kwa vipimo vya nani". Asiyeweza kujibu anatengeneza kwa macho.

La mwisho kwangu. Graflex ya zamani yenye tundu jipya la skrubu au iliyolehemiwa ndani imepoteza thamani yake ya ukusanyaji, hata kama kazi ni safi. Mtu mwenye akili anaingiza umeme kwenye kasha linalochomoka na adapta inayojishikiza ndani, bila kugusa brasi. Chungulia ndani ya bomba kwa tochi: tundu likitobolewa kutoka nje, ukingo wa ndani unabaki na ndevu za chuma.

#9 — Mgeni_wa_Nuru

Na ule wa Obi-Wan wenye shingo nyembamba? Nimeona nakala mbili, shingo moja nyembamba nyingine nene.

#10 — Mkerezaji

Nyembamba ndiyo inayofuata umbo la asili. Nene imenenepeshwa ili waya zipite na isikatike. Bapa la sentimita 90 ni mtaimbo: ukigonga ncha, nguvu yote inakusanyika mahali pembamba kuliko pote, na hapo ni shingoni. Kama ni wa kabatini chukua nyembamba. Kama bapa litaingizwa na kugongwa, chukua nene, au nyembamba ya chuma cha pua yenye waya zilizopita katikati. Shingo nyembamba ya alumini yenye hesi pande zote mbili ni mahali pa kukatikia, na hukatika kwenye mfereji wa mwisho wa hesi.

#11 — Waya_Mwekundu

Sasa umeme. Hapa ndipo watu wanapopigwa, kwa sababu upanga unaowaka kwenye video ya sekunde tano unaonekana sawa na unaofanya kazi.

Zipo aina mbili kuu. Ya kwanza, taa kali moja iko chini ndani ya mpini na bapa ni bomba tupu. Ya pili, bapa lenyewe limejaa taa, watu huziita pikseli. Za bei ya juu kwa wakusanyaji ni pikseli, kwa hiyo nitakaa hapo.

Bapa la pikseli lina kanda mbili mgongo kwa mgongo, kwa kawaida taa 144 kwa mita. Bapa la inchi 36 lina taa kama 130 kila upande, jumla 260. Kila taa ina rangi tatu, kila rangi inakunywa hadi miliampia 20. Bluu tupu: 260 mara 20, ni ampia 5.2. Nyeupe kamili: mara tatu, ni ampia 15.6. Kaeni na hiyo hesabu, maana karibu kila ugonjwa wa bapa unatokana nayo.

Jaribio la nyeupe. Betri ijae (volti 4.2). Washa nyeupe kamili kwa sekunde 10 uangalie ncha. Nyeupe ikigeuka njano au chungwa kuelekea nchani, volti zinapotea njiani. Rangi nyekundu inahitaji kama volti 2 kuwaka, bluu na kijani karibu 3, kwa hiyo volti zikipungua bluu inakata pumzi ya kwanza. Sababu, kwa mpangilio wa kuzitafuta: betri dhaifu, pini za mguso chafu, waya mwembamba, ulehemu mbaya kwenye mzizi wa bapa. Umanjano kidogo nchani kwenye nyeupe ni kawaida kwa betri moja. Umanjano kuanzia katikati si kawaida. Ncha ikififia hata bapa likiwa bluu tupu, usinunue bapa hilo.

Waya. Zile za betri na za kulisha bapa ziwe AWG 22 (kipimo cha Kimarekani cha unene wa waya, namba ikipanda waya unakuwa mwembamba; hii ni karibu milimita za mraba 0.33) au nene zaidi. Waya wa data unatosha AWG 28. Ukifungua kasha ukakuta waya zote ni nyembamba sawasawa, fundi hakupiga hesabu ya juu. Na ukishika mpini baada ya dakika moja ya nyeupe ukasikia joto mahali pamoja, hapo ndipo palipo na ulehemu mbovu.

Betri. Nyingi ni 18650, milimita 18 kwa 65. Yenye kinga inarefuka hadi milimita 69 au 70, na kwenye kasha lililobana ama haiingii ama inaminya springi hadi inachoka. Kibaya zaidi, kinga hiyo huweza kukata umeme pale upanga unapovuta ampia nyingi, halafu mwenye upanga analaumu bodi. Unataka seli yenye uwezo wa kutoa ampia 15 mfululizo. Seli yenye maandishi ya mAh 9900 (mAh ni kiasi cha umeme inachohifadhi) ni ya uongo: 18650 halisi huishia karibu na 3500 au zaidi kidogo. Ipime, seli ya kweli ina gramu 45 hadi 50.

Kinywaji cha usiku. Zima upanga, weka multimita mfululizo na betri upande wa miliampia. Acha dakika moja bodi ilale. Ikinywa miliampia 10 bila kukatwa, seli ya mAh 3000 inamalizika kwa saa 300, siku 12 na nusu. Seli ikishuka chini ya volti 2.5 imeumia, usiichaji tena kwa matumaini. Ndiyo maana upanga wa kabatini lazima uwe na ufunguo wa kukata umeme, au betri itoke.

#12 — Mgeni_wa_Nuru

Upanga ukijizima na kuanza upya kila unapogongwa, ni bodi?

#13 — Waya_Mwekundu

Mara nyingi si bodi. Ni betri inaruka. Ukigonga, seli inasogea milimita moja, inaachana na springi kwa kitambo kifupi, bodi inakosa umeme na kuanza upya. Jaribio: zima bapa, acha sauti iwake, gonga kitako kwa kiganja. Ikijianza upya, weka kipande chembamba cha povu upande wa chini ya seli ili ibanwe, ujaribu tena. Ikipona, ni springi, na springi ni kitu kidogo.

Ikijianza upya pale tu bapa linapowaka nyeupe bila kugongwa, volti zimeshuka chini ya kiwango cha bodi. Rudi kwenye hesabu ya ampia.

Ikijianza upya ukizungusha mpini mkononi bila kugonga, kuna ulehemu uliopasuka. Huo ndio wa kumrudishia muuzaji.

#14 — Skrubu_M4

Niulize la bapa kuzimika nusu. Linawaka hadi katikati, mbele giza.

#15 — Waya_Mwekundu

Taa hizo hupokezana data: ya kwanza inasoma amri yake, inapitisha zilizobaki kwa ya pili, hadi mwisho. Taa moja ikikata mnyororo, zote za mbele zinazimika au zinacheza rangi ovyo. Kwa hiyo ugonjwa uko kwenye taa ya kwanza iliyozimika au ya mwisho inayowaka. Ikiwa ni taa moja tu yenye rangi tofauti na zilizo mbele ni nzima, hiyo ni rangi moja imekufa ndani yake, mnyororo wenyewe uko salama. Ya pili unaishi nayo. Ya kwanza itaendelea kukusumbua, kwa sababu ukanda hukatika pale unapopindwa kwa kugongwa, na ukishakatika mahali pamoja, umechoka na pengine.

Hapa niseme wazi: bapa la pikseli si la kupigania kwa nguvu hata muuzaji aseme nini. Ukuta wa milimita 3 unalinda bomba, haulindi ulehemu ndani yake. Anayetaka kugongana achukue mpini wenye taa moja chini na bomba tupu.

#16 — Skrubu_M4

Na skrubu ya kushikilia bapa? Hapo pana jina langu.

Angalia ni ya kipimo gani. Zipo M4 na zipo 8-32 za Kimarekani, na kwa macho ni pacha. M4 ina kipenyo cha milimita 4.0 na hatua ya 0.7. 8-32 ina 4.17 na hatua ya karibu 0.79. M4 ndani ya tundu la 8-32 inaingia kilegevu na kula hesi. 8-32 ndani ya M4 inaingia nusu mzunguko na kukwama, na mwenye haraka anachukua alenki ndefu na kulimaliza tundu. Muuzaji akuambie ni ipi kabla hujapokea.

Bapa la inchi moja lina milimita 25.4. Tundu la mdomo liwe 25.5 hadi 25.6. Likifika 26, bapa linatikisika na pini za mguso hazikai sawa, ndipo unapata taa za kucheza ambazo watu wanazilaumu bapa. Mzunguko mmoja wa utepe mwembamba kwenye mzizi wa bapa unaondoa mtikisiko, lakini ni dawa ya muda. Na skrubu ikaze hadi iguse, kisha robo mzunguko. Zaidi ya hapo unachimba polikaboneti, ufa unaanzia hapo.

#17 — Waya_Mwekundu

Sahihi. Pini za mguso nazo: zibonyeze moja moja kwa kijiti cha mbao. Kila moja ishuke na kurudi kwa nguvu sawa. Iliyobaki chini imekwama kwa uchafu, isafishe kwa pombe ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, usitie mafuta.

Spika: fungua kitako, uone kama kina matundu. Spika ya milimita 28 iliyofungiwa kwenye kitako kizima inatoa sauti ya mtu aliyefunikwa blanketi. Spika ya omu 4 isome kama 3.4 hadi 3.9 kwenye multimita. Ikikwaruza kwenye sauti ya chini, mara nyingi ni unga wa chuma ulioganda kwenye sumaku, na utepe wa kunata unautoa.

Sauti ya kuzungusha: sogeza mpini polepole mno, kisha kwa kasi. Inatakiwa ipande na kushuka kama pumzi, bila kukatika wala kurudia mahali pamoja. Ikikatika, kadi ya kumbukumbu ni ya polepole au imechoka. Nakili kadi yote kwenye kompyuta kabla hujajaribu kitu kingine chochote. Kila mtu husema atanakili kesho.

#18 — Mtunza_Kabati

Wadau, mmesahau pa kuukagua upanga uliokaa muda mrefu: kwenye boksi lake.

Povu la boksi. Povu la poliyurethani huoza lenyewe kwa miaka, linageuka unga au gundi na kushika kwenye chuma. Ukifungua boksi ukakuta doa la kahawia lenye umbo la mpini, usilikwangue. Povu salama ni la poliethilini. Kwa kabati, mbao mbichi na mbao za kubandikwa hutoa mvuke wa asidi unaofifisha brasi na kula risasi, kwa hiyo chuma kisikae kwenye kisanduku kilichofungwa cha mbao hizo.

Vishikio vya plastiki laini vikinata vidole, ni mafuta ya kulainishia plastiki yanatoka nje, hakuna cha kurudisha hali. Ngozi ikitoa unga mwekundu imeoza, usipake mafuta, itazidi kuwa nyeusi na haitapona. Bapa la polikaboneti lililokaa juani linakuwa la njano, na hilo utaliona ukililinganisha na karatasi nyeupe likiwa limezimwa.

Betri iliyokaa ndani ya mpini uliofungwa kwa mwaka: itoe nje kwanza, angalia kama ngozi yake imevimba au ina harufu tamu ya kemikali. Ya kuhifadhi ikae kati ya volti 3.6 na 3.8, nje ya mpini.

#19 — Mgeni_wa_Nuru

Dada Mtunza, asante. Na cheti chenye namba? Wanasema "namba 212 kati ya 500".

#20 — Graflex_Halisi

Cheti kinathibitisha karatasi. Kina uzito kama namba yake ipo pia kwenye chuma, imechongwa na si kubandikwa, na herufi za pande zote mbili zinafanana. Kama namba ipo kwenye boksi na cheti tu, mpini wowote unaweza kukaa ndani ya boksi hilo. Toleo lenye ukomo nalo lisikuchanganye: mipini 500 yenye hesi mbovu ni hesi mbovu 500.

#21 — Waya_Mwekundu

Kuna karatasi yenye thamani kuliko cheti: faili ya mipangilio ya bodi. Kwa bodi ya Proffie, ambayo programu yake ni ya wazi, mipangilio yote ya vitufe, idadi ya taa na rangi imo kwenye faili moja inayokusanywa kwenye kompyuta na kupakiwa kwenye bodi. Huwezi kuitoa kwenye bodi baadaye. Bila faili hiyo, ukitaka kubadili chochote unaanza kuandika upya bila kujua fundi aliunganisha nini wapi. Muombe muuzaji faili, picha ya kasha la ndani kabla halijafungwa, na aina ya chaja. Tundu la kuchaji la duara linapokea plagi yoyote inayoingia, lakini nguzo zikiwa kinyume, au chaja ikiwa haisimami kwenye volti 4.2, unaua bodi au seli kwa sekunde.

#22 — Mgeni_wa_Nuru

Kwa anayenunua kwa mbali, aombe video ya nini?

#23 — Mkerezaji

Video moja isiyokatwa, taa ya chumba ikiwa imewashwa. Aonyeshe multimita kwenye betri. Afungue kitako na kukifunga kwa vidole viwili. Aoneshe ndani ya mdomo kwa tochi. Aingize bapa, alitikise kwa ncha kabla ya kukaza skrubu. Awashe nyeupe kamili, ahesabu kumi kwa sauti, kamera ikiwa nchani. Kisha bluu, nyekundu, kijani, kila moja peke yake. Agonge kitako kwa kiganja mara tatu. Azime, asubiri, awashe tena. Ni dakika tatu za kazi.

#24 — Skrubu_M4

Na akisema betri imeisha, hana chaja karibu?

#25 — Mkerezaji

Basi tunapanga bei ya mpini tu. Bodi iliyoshindwa kuwashwa tunaihesabu imekufa hadi iwake.

#26 — Waya_Mwekundu

Na akiituma, betri isafiri nje ya mpini, nguzo zake zikiwa zimefunikwa utepe. Seli iliyokaa karibu na kitako cha brasi kinachogusa kila kitu haihitaji ajali ili ipige shoti, inahitaji mtikisiko mmoja tu.